Furu Alikuwa na Kazi

Mwaka 1929 ilitoka ripoti ya Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza ambaye mwaka 1927 na 1928 alikuwa amelizunguka Ziwa Victoria akikagua nyavu, ukubwa wa matundu yake na samaki walionaswa. Alitumwa kwa sababu ngege, samaki aliyependwa kuliko wote kandokando ya ziwa, alikuwa ameanza kuadimika tangu nyavu za kigeni zilipoingia mwanzoni mwa karne ile. Graham alishauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Katika ripoti hiyohiyo aliacha na onyo jingine: kumleta kutoka maji mengine samaki mkubwa anayekula samaki wenzake ni hatari kubwa mno, na mtu asithubutu kufanya hivyo kabla ya uchunguzi wa kina.

Onyo lile halikuzuia kitu. Mwaka 1954 sangara kutoka Ziwa Albert walitiwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, kimyakimya, huku wataalamu wakiwa bado wanabishana kama jambo hilo lifanyike au lisifanyike. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mwanabiolojia aliyewahi kufanya utafiti akiwa Jinja, alichapisha makala ya kupinga. Mwaka 1962 na 1963 sangara wakatiwa tena, safari hii rasmi, Uganda na Kenya.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama habari ya samaki mlafi. Mimi sioni hivyo. Sangara alifanya kile ambacho sangara hufanya popote alipo. Kosa lilitendeka kabla hajatolewa Albert, katika fikra za waliomhitaji. Wakati huo ziwa lilijaa furu. Nyavu za kukokota zilipopitishwa ziwani kwa utafiti mwishoni mwa miaka ya 1960, takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini walikuwa furu. Ni samaki wadogo, wengi hawazidi kiganja, na miiba yao ni mingi kuliko nyama. Wenyeji walimla, lakini soko la mbali halikumtaka, na kwenye nyaraka za maofisa alihesabiwa kuwa samaki takataka. Basi ikaonekana ni busara kumtafuta mnyama atakayeigeuza takataka hiyo kuwa minofu. Tena sangara hufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200, kwa hiyo hata wazungu waliopenda kuvua kwa ndoana kama mchezo walimtaka.

Fryer alijibu hesabu hiyo kwa hesabu nyingine. Nguvu yote iliyomo ziwani chanzo chake ni jua. Mwani huishika nguvu hiyo na kuijenga kuwa chakula. Wadudu wadogo wa majini hula mwani, furu huwala wadudu hao, sangara humla furu. Katika kila hatua sehemu kubwa ya nguvu huishia katika kupumua, kuogelea na kuzaa, ikapotea kama joto, na inayovuka kwenda hatua ya juu ni kama sehemu moja tu kwa kumi. Ili ziwa litoe kilo moja ya sangara, inabidi ziliwe kilo kama kumi za samaki wadogo. Kuongeza mlaji juu ya mnyororo wa chakula ni kuongeza tozo kwenye mali ileile.

Lakini hata hesabu hiyo haikugusa kiini cha jambo, maana ilimtazama furu kama chakula tu. Hakuna aliyekuwa ameuliza furu anafanya kazi gani mle ndani.

Furu hawakuwa samaki wa aina moja. Walikuwa zaidi ya aina 500, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Tope lililochimbwa chini ya ziwa linaonyesha kwamba miaka kama 15,000 iliyopita ziwa lenyewe lilikuwa limekauka, kwa hiyo wingi huo wote ulitokea kwa muda ambao katika historia ya viumbe ni mfupi ajabu. Na kila kundi lilikuwa na riziki yake. Wapo waliokula tope la chini, yaani mabaki ya mwani na vijidudu vilivyokufa vikazama. Wapo waliokula mwani unaoelea. Wengine waliwinda wadudu wadogo wa majini, wengine waliwapasua konokono kwa meno yaliyo kooni, na baadhi ya konokono wa ziwa hili ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Wengine walikwangua magamba ya samaki wenzao, wengine waliwatoa vimelea kwenye ngozi. Wako hata waliopora mayai kutoka vinywani mwa akina mama.

Nasema vinywani kwa sababu ndivyo furu anavyolea. Jike hutaga mayai machache, kisha huyachukua mdomoni na kukaa nayo mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitishwa hukimbilia mlemle. Ni malezi ya uangalifu mkubwa yanayofaa mahali penye maadui wa kawaida. Sangara jike mkubwa, kwa upande wake, hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha majini. Mzazi mwenye watoto kumi mdomoni hawezi kufidia hasara mbele ya mlaji wa namna hiyo, hata akijitahidi vipi.

Kwa karibu miaka 20 hakuna mabadiliko makubwa yaliyoonekana. Sangara walivuliwa hapa na pale, watu wakazoea, na wasiwasi wa akina Fryer ukaonekana kama woga wa wasomi. Hapa pana jambo ambalo kila mwalimu wa sayansi anayefundisha mifumo ikolojia angepaswa kulikazia: maumbile hayajibu papo hapo. Kiumbe mgeni huweza kukaa miaka akiongezeka polepole, na siku anapoonekana kila mahali, muda wa kumtoa umeshapita.

Ghuba ya Winam upande wa Kenya ilifurika sangara kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Zikafuata pwani za Uganda. Ghuba ya Mwanza ilifikiwa katikati ya miaka ya 1980, na hapo walikuwapo mashahidi, kwani tangu mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa wakivua na kuhesabu furu katika ghuba hiyo pamoja na wenzao wa Kitanzania. Mjini Mwanza palikuwa pia na kiwanda kilichosaga furu kuwa unga wa chakula cha kuku, na meli za kukokota nyavu zilikuwa zimeshaanza kuwapunguza kabla sangara hajawafikia. Kufikia mwaka 1987 furu wa maji ya wazi na wa matope katika ghuba hiyo walikuwa wamekaribia kutoweka kabisa. Inakadiriwa kwamba aina kama 200 za furu zilipotea ziwani kote. Nyingine hazikuwa hata zimepewa jina.

Sasa kazi zikaanza kuonekana, kwa sababu hapakuwa na wa kuzifanya. Mabaki yaliyokuwa yakiliwa na furu wa matope yalibaki yakioza. Kuoza kunakula oksijeni. Uduvi mdogo wa ziwani, aliyekuwa akishindana na furu, akaongezeka sana na kuwa chakula cha sangara wachanga. Dagaa nao wakajaza sehemu ya pengo la furu waliokula wadudu wa majini. Ndege mdiria wa Mwanza, yule mweusi kwa mweupe anayesimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitosa, alikuwa akiishi kwa furu. Ikambidi ahamie kwenye dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mwembamba, ilimlazimu avue wengi zaidi kwa siku ili apate shibe ileile.

Si haki, hata hivyo, kumtwika sangara mzigo wote. Ziwa lilikuwa limeshaanza kuchafuka kabla yake. Tangu miongo ya kwanza ya karne ya 20 misitu na vichaka vya bondeni vilifyekwa kwa ajili ya mashamba, miji ikakua, na udongo, mbolea na maji taka vikaelekea ziwani. Vitu hivi vina fosforasi na naitrojeni, ambazo shambani tunaziita rutuba. Mahindi yanazihitaji, mwani pia unazihitaji, na ziwa halichagui lirutubishe nini. Miaka ya 1920 mtafiti alipozamisha sahani nyeupe katikati ya ziwa aliiona hadi mita 7 hivi. Kufikia miaka ya 1990, katika sehemu nyingi sahani kama hiyo ilipotea machoni kabla ya kufika mita 3. Maji yalikuwa yamegeuka kijani.

Kwa nini uchafu hauondoki? Jibu liko katika mzunguko wa maji wa ziwa hili, ambao wengi wetu tunaukosea. Tunadhani ziwa linajazwa na mito. Mito ipo, na Kagera ni mkubwa kuliko yote, lakini takriban asilimia 80 ya maji ya Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Na karibu kiasi kilekile hupanda tena kuwa mvuke kwa jua. Ziwa huongeza unyevu wa hewa inayopita juu yake, na usiku upepo wa nchi kavu unapokutana katikati, hutokea zile radi kali ambazo wavuvi wa dagaa wanazijua kuliko mtu yeyote. Kinachotoka kwa mto ni kidogo tu, pale Jinja, kufuata Naili. Sasa maji yanayopanda kuwa mvuke hayabebi fosforasi. Yanaiacha nyuma. Tena hata hewa huileta: majivu ya nyika zinazochomwa na vumbi la mashamba yaliyo wazi hutua ziwani pamoja na mvua. Anayechoma majani kilomita nyingi kutoka ufukweni ana mchango wake katika ukijani wa maji ya Mwanza na Kisumu, hata kama hajawahi kuliona ziwa.

Tabianchi nayo ina sehemu yake. Kwa miezi mingi ya mwaka maji ya juu yana joto na ni mepesi, ya chini yana ubaridi na ni mazito, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Tabaka la chini halipati hewa. Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki zinapovuma na maji ya juu yanapopoa, ziwa hujigeuza: oksijeni hushuka, virutubisho hupanda. Huko ndiko kupumua kwa ziwa kwa mwaka mzima. Zamani maji ya chini yaliweza kuungoja msimu huo. Siku hizi kuna mabaki mengi mno yanayooza huko chini, na eneo kubwa la kina kirefu hukaa miezi kadhaa bila oksijeni ya kumtosha samaki. Kila joto la hewa linavyoongezeka, tabaka la juu huwa jepesi zaidi na kuchanganyika huwa kugumu zaidi. Wakati mwingine dhoruba huyavuta juu maji hayo ya chini ghafla, na asubuhi watu wa mialo hukuta samaki wanaelea matumbo juu.

Mavuno yalipanda, na hili lazima lisemwe wazi. Miaka ya 1970 ziwa lote lilitoa kama tani 100,000 za samaki kwa mwaka. Kufikia 1990 zilikuwa zimefika tani 500,000. Waliomtetea sangara walisema Fryer alikosea. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, yakaenda China, na familia nyingi zikasomesha watoto kwa fedha hiyo. Lakini sehemu ya mavuno hayo ilitokana na mitumbwi na nyavu kuongezeka mno, na sehemu nyingine na rutuba ileile iliyokuwa ikiliziba ziwa pumzi. Ukitia mbolea kwenye maji utavuna kwa muda. Na mwenyeji, ambaye zamani alinunua fungu la furu kwa senti chache, akawa ananunua mapanki, mifupa na vichwa vilivyobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa.

Kuna mzunguko mwingine ambao sidhani kama kuna mtu aliyeufikiria mwaka 1954. Furu na dagaa hukaushwa kwa jua, juu ya mawe au mchanga, bila gharama. Sangara ana mafuta mengi. Ukimwanika ataharibika kabla hajakauka. Hubanikwa kwa moshi au hukaangwa, na kote huko kunataka kuni. Miti ya visiwani na ya vilimani kando ya ziwa ikakatwa. Mvua ikanyesha juu ya udongo ulio wazi, udongo ukashuka ziwani na fosforasi yake, mwani ukaongezeka. Samaki aliyeletwa ili ale samaki akawa anakula na msitu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia gugu maji, mmea wa Amazon wenye maua ya zambarau, na sehemu kubwa yake ilishuka na Mto Kagera. Katika maji yenye rutuba linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 20,000. Meli zilikwama bandarini na mitumbwi haikuweza kutoka. Likadhibitiwa, na namna lilivyodhibitiwa ndiyo sehemu ya kisa hiki inayonipa moyo. Waliletwa fukusi wa aina mbili, nao pia asili yao ni Amerika Kusini. Ni viumbe wageni kama sangara. Tofauti ni kwamba kabla ya kuachiliwa, kuanzia mwaka 1995 Uganda na baadaye Kenya na Tanzania, walikuwa wamefungiwa na kupewa mimea mingi mingine, ya shambani na ya porini, ili ijulikane watakula nini gugu likiisha. Walichagua gugu tu. Wakisaidiwa na mawimbi na hali mbaya ya hewa ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, walilipunguza kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka michache. Gugu bado lipo, na litakuwapo maadamu maji yana rutuba, lakini hakuna zao hata moja lililoliwa na fukusi hao. Uchunguzi ambao Graham aliudai mwaka 1929 hatimaye ulifanyika, ila kwa mdudu.

Upo uharibifu usiohitaji hata samaki mmoja kuliwa. Katika miamba ya Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wawili wa ukoo wa Pundamilia. Mmoja dume lake lina rangi ya kibuluu na hukaa maji ya juu. Mwingine, aliyepewa jina la kisayansi nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, dume lake lina mgongo mwekundu na hukaa chini kidogo. Miili yao inafanana sana. Jike humtambua dume wake kwa rangi. Maji yakiwa angavu hakosei. Yakiwa machafu, mwanga unaofika chini hubadilika, nyekundu na buluu hazitofautiki, na jike huzaa na asiye wake. Watafiti walipolinganisha kisiwa na kisiwa mnamo miaka ya 1990 waliona kwamba palipo na maji machafu zaidi, rangi zimefifia na aina za furu ni chache. Aina zilizochukua maelfu ya miaka kutengana zinarudi kuwa moja, kwa sababu ya tope.

Sangara alipovuliwa kupita kiasi kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya furu walirudi. Hawakurudi walewale. Yuko mmoja wa Ghuba ya Mwanza, Haplochromis pyrrhocephalus, aliyekaribia kwisha. Aliporejea alikuwa na mashavu makubwa zaidi ya kupumulia maji yenye oksijeni haba, na chakula chake kilikuwa kimebadilika. Inatia moyo kuona maisha yanavyotafuta njia, lakini walioweza ni wachache, na waliopasua konokono au kukwangua magamba wengi wao hawajaonekana.

Leo dagaa ndiye anayeongoza kwa uzito katika mavuno ya ziwa, na sehemu kubwa ya dagaa huyo husagwa kuwa chakula cha kuku na samaki wa kufugwa, kama ilivyofanyika kwa furu. Lakini mahali ninapopahofia zaidi ni kwenye mafunjo. Upande wa Kenya, nyuma ya kinamasi cha Yala katika Siaya, kuna ziwa dogo la Kanyaboli. Ngege wa asili, yule aliyemleta Graham, bado yumo humo, pamoja na furu ambao hawaonekani tena katika ziwa kubwa. Wamesalia kwa sababu maji yaliyo kati ya mizizi ya mafunjo yana oksijeni kidogo mno, na sangara hawezi kuyavuka. Mafunjo hayohayo huukamata udongo wa Mto Yala kabla haujafika Victoria. Tangu miaka ya 1960 vipande vya kinamasi hicho vimekaushwa ili vilimwe, na kila unapozuka mpango mpya hoja huwa ileile, kwamba ni ardhi iliyokaa bure. Anayetaka kuyafyeka mafunjo ya Yala aeleze kwanza, kwa takwimu na mbele ya wavuvi, ni nani atakayeyachuja maji ya mto huo na ni nini kitakachomzuia sangara asiingie Kanyaboli.